Hundi ya Mvua

Ghorofa ya pili, Moshi mjini, dirisha linatazama mnara wa saa.
Kushoto kwangu wakulima kumi na mmoja kutoka Uru,
kulia Bwana Dalton, mnunuzi, na kikombe cha kahawa yao.
Mimi katikati. Kazi yangu ni mdomo,
nalipwa kwa saa.

Akaanza: nipeni namba ya uwanjani.
Nikaifikisha kama ilivyokuja, na nyasi zake.
"Uwanja upi?" akauliza Ndelilio. "Ushirika, au ule wa shule,
ambao ng'ombe wa padri hulala golini?"
Nikasema, anataka makadirio.
"Basi si aseme makadirio."

Alipoomba wasihamishe magoli mchezo ukiendelea
sikumaliza sentensi. Walicheka, wakamnyooshea vidole
mwenyekiti wao Elirehema, ambaye mwaka juzi
alibadili debe la kupimia katikati ya mavuno.
Mpira uko kwenu: hilo nalo likapita bila ushuru.
Nikaanza kujiona fundi.

Kisha akasema sasa mtu asogee kwenye sahani.
Mle ndani hapakuwa na aliyekula tangu alfajiri.
Wote wakageukia mlango.
Jamani, sahani ni ya mchezo wa kwao:
mtu husimama na gongo, hutupiwa mpira,
akiupiga hukimbia, huzunguka, hurudi pale pale alipotoka.
"Pale pale?" Ndelilio akaguna.
"Huo mchezo naujua. Ndio safari yangu ya kila mwaka
kuja mjini kudai malipo ya pili."

Ikafika zamu ya bei.
Dalton akafunga daftari taratibu, akatabasamu,
akasema jambo fupi,
nami, kwa uchovu, au kwa kile kiburi cha fundi,
nikalitoa bichi:
"Kuhusu bei, leo anachukua hundi ya mvua."

Aikande akasimama.
Wiki mbili mvua isiyo na msimu imelala juu ya vichanja vyake,
parachimenti imeota ukungu;
ameleta konzi moja ndani ya leso, iwe ushahidi.
"Asante Mungu," akasema. "Miaka arobaini nalima,
leo ndio nasikia mnunuzi anayelipia mvua."
Akanitajia majina yake yote matatu, polepole,
nisije nikakosea kwenye hundi.

Nikamgeukia Dalton: mvua ipi? Hundi ya nani?
Akakuna shingo.
Hajui. Ni msemo tu, baba yake alikuwa akiusema,
labda umetoka mpirani,
yeye mwenyewe gongo hajawahi kulishika.
Maana yake: si leo. Siku nyingine.

Si leo, mama. Siku nyingine.
Maneno hayo nilikuwa nayo tangu asubuhi,
mafupi, hayana uwanja, hayana refa.
Nilimwambia nikiitazama leso.

Hakuketi. Aliikunja pembe moja, kisha nyingine,
kahawa ikalia ndani kama changarawe.
"Mwambie mpira tumeuweka kwapani."
Nikamwambia hivyo hivyo, neno kwa neno,
sikuongeza maelezo.
Dalton akaitikia kwa kichwa, kwa adabu kubwa,
kama tulivyoitikia sisi kutwa nzima.

Chini, barazani mwa duka la pembejeo, manyunyu yalitukuta.
Aikande akaweka simu sikioni, mkwe wake yuko upande wa pili:
"Ee, imegonga mwamba. We bandika maharage."

Mwamba.
Mama huyu hajawahi kukanyaga uwanja wa mpira.
Mwamba wake ni nguzo ya goli, au ni lile jiwe la mtoni
watoto wanapochubukia magoti?
Nilitaka kumuuliza. Nikafungua mdomo, nikaufumba:
kwani wangu mimi, niliousema maisha yangu yote,
ni upi?